Injini ya ndani ya mashua inapanda joto nikiongeza mwendo. Impela mpya, maji yanatoka. Tatizo liko wapi?

#1 Mwanamaziwe
Wakuu habari. Nina mashua ya mbao ya mita 9, inalala mtoni Pangani, kazi yake kupeleka wageni Maziwe maji yakipwa. Ndani ina Yanmar 3GM30F, silinda tatu, ile yenye kulanti yake inayozunguka, si ile inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Kazi za kawaida nafanya mwenyewe: oili, filta, zinki (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya injini), mkanda, pakini ya shafti. Fundi namwita kwa nozeli tu.

Shida iko hivi. Mpaka mizunguko 2200 kwa dakika mshale wa joto unatulia mahali pake. Nikifika 2800 haupiti muda, unaanza kupanda mpaka king'ora kinalia. Nikipunguza unashuka wenyewe. Maji ya ekzosi yanatoka, ila kwa macho yangu si mengi kama zamani. Kwenye oili hakuna maji, kwenye kulanti hakuna oili. Nimeshabadilisha impela (gurudumu la mpira la pampu ya maji ya bahari), mkanda na kulanti, na chujio la maji ya bahari ni safi. Ilianza mwezi wa pili.

Fundi ameniambia ni gasketi ya silinda hedi na anataka kufungua. Hajagusa kitu. Kabla sijamruhusu naomba mawazo yenu.

#2 Spana17
Asimguse hedi. Injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko cha kulanti, iwashe, tazama. Hewa kidogo mwanzoni ni kawaida. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma, gasketi ishukiwe. Je, unaongeza kulanti kila safari? Kama huongezi na hakuna mapovu, mwambie fundi asubiri. Hedi ikishafunguliwa ni gasketi mpya, kukaza bolti kwa kipimo na kwa mpangilio wake, kupima nafasi za valvu upya. Huo ni mzigo wa bure kama ugonjwa uko kwingine.

#3 MzeeWaNozeli
Mkuu Mwanamaziwe, swali moja tu. Impela uliyoitoa ilikuwa na mabawa yake yote?

#4 Mwanamaziwe
Mkuu Spana17, mapovu hakuna na kulanti haipungui.
MzeeWaNozeli, mabawa mawili yalikuwa yamekatika. Kipande kimoja nilikikuta ndani ya nyumba ya pampu. Cha pili sikukiona.

#5 MzeeWaNozeli
Basi kitafute hicho cha pili, maana hakijayeyuka. Kimesukumwa na maji mpaka mdomo wa kipozeo, ambamo maji ya bahari yanapoza kulanti, pale kwenye vijibomba vyembamba, na kimekaa hapo kama kizibo. Kwa mwendo mdogo maji yanayopita pembeni yanatosha. Ukiongeza, hayatoshi.

Funga koki ya maji ya bahari, fungua kifuniko cha kipozeo upande maji yanapoingilia, ingiza kidole. Utakuta mpira, na huenda ukakuta na vipande vya impela ya mwenye boti kabla yako. Utakuta pia makombo ya zinki. Watu wanabadilisha zinki ya kipozeo kila mara bila kutoa mabaki ya ile ya zamani, yanajikusanya chini mpaka yanaziba.

Na kwa wengine wanaosoma: impela ukiipachika ipake gliserini au sabuni ya maji ya vyombo. Grisi ya kawaida inaharibu mpira wake. Usiisubiri ikatike, ibadilishe kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na kama chombo kitalala muda mrefu itoe kabisa, maana mabawa yakikaa yamekunjwa yanabaki hivyo hivyo.

#6 ChumviMkoani
Mzee kasema kweli kuhusu vipande, lakini mimi sikubali kuwa ndicho chanzo. Mwenye uzi kasema chombo kinalala MTONI Pangani. Maji ya ule mto yakija mvua ni rangi ya chai ya maziwa. Tope lile linapita kwenye chujio kama halipo, linakaa ndani ya vijibomba. Halafu akitoka nje kwenye chumvi, chumvi inagandia juu ya tope. Ukuta mwembamba tu wa namna hiyo unazuia joto lisipite hata kama maji yanapita.

Dawa yake: funga koki, tenganisha hosi mbili za kipozeo, zungusha siki nyeupe kwa pampu ndogo ya ngama na ndoo, iache ifanye kazi usiku kucha, asubuhi usuuze kwa maji baridi mengi. Siki itatoka chafu utashangaa. Huku Pemba tunafanya hivyo kila baada ya msimu na mashine zinadumu.

#7 Tandale_Marine
Kuna jamaa anauza asidi ya betri kwa kazi hiyohiyo, dakika kumi imekwisha. Siki ya nini?

#8 Spana17
#7 ndugu yangu usimpoteze mtu. Injini za baharini zina sehemu za alumini na vijibomba vya aloi ya shaba. Asidi kali inakula alumini kwa kasi, na mvuke wake ndani ya chumba cha injini ni hatari kwa mapafu na macho. Siki au asidi ya ndimu ya unga inatosha, inachelewa lakini haiharibu. Ukitaka uhakika zaidi toa kipozeo chote, fungua vifuniko viwili vya pembeni, sukuma kijiti laini cha mbao tundu kwa tundu. Usitumie waya. Ukirudisha weka oringi mpya, za zamani hazikai tena vizuri.

#9 BintiMkunguni
Salaam kutoka Lamu. Nyote mko ndani ya injini, hakuna aliyeuliza kilicho nje. Mashua ni ya mbao. Mara ya mwisho ulipweleza lini, na ulipaka nini chini?

Nimeuliza kwa sababu mwaka juzi mashua yetu ilikuwa na ugonjwa huu huu. Vijana waliipandisha wakati wa bamvua, wakaikwangua, wakatia kalafati mpya, wakapaka deheni. Mtu akapaka na lile tundu la kuingizia maji lenye wavu. Chokaa na shahamu vikaganda kwenye matundu ya wavu, yakabaki nusu. Kwa mwendo mdogo maji yalikuja, kwa mwendo mkubwa pampu ilivuta hewa. Tulibadilisha kila kitu ndani mpaka mtoto mmoja alipozama na kisu.

Kama si deheni, ni chaza. Wanapenda kuota ndani ya tundu lile kwa sababu maji yanapita na chakula chao kinakuja wenyewe. Wavu unaweza kuwa safi nje, na bomba nyuma yake limejaa.

#10 ChumviMkoani
BintiMkunguni umepiga palepale. Hilo nalo linawezekana kabisa. Ila angekuwa anavuta hewa angeona mapovu kwenye chujio lake kama lina kifuniko cha kioo.

#11 BintiMkunguni
Ataona mapovu kama hewa inaingia kabla ya chujio. Kama inaingia kwenye kifuniko cha chujio chenyewe, gasketi yake imekauka au kimefungwa vibaya, hatoona kitu. Apake grisi kidogo kwenye ukingo wa kifuniko atazame kama kuna mabadiliko. Na azikague hosi za upande wa kuvuta. Hosi isiyo na waya ndani inanyonywa mpaka inabana, kwa macho ukiwa umesimama bandarini inaonekana nzima.

#12 SuriMpakaUnguja
Niko Oman, Sur. Jambo moja halijasemwa. Kasema imeanza mwezi wa pili. Huo ni wakati wa kaskazi, maji ya bahari yanakuwa ya moto kuliko wakati wa kusi. Pwani yenu tofauti ya mwezi wa nane na wa tatu inafika nyuzi nne hivi. Sisi huku kiangazi bahari inapita nyuzi 30, na kila mwaka mashine zilizokuwa salama majira ya baridi zinaanza kulia. Mashine haijaharibika mwezi huo. Kipozeo kilikuwa kimeshachoka zamani, bahari baridi ikawa inakificha.

#13 MwalimuWaFizikia
Naomba kuongezea hesabu, itawasaidia wote. Propela inayosukuma chombo kizito kama mashua inahitaji nguvu inayokua kwa mchemraba wa mizunguko. Kutoka 2200 kwenda 2800 mizunguko imeongezeka kwa asilimia 27. Nguvu inayotakiwa imeongezeka zaidi ya mara mbili, na joto la kutupa linaenda pamoja nayo. Pampu ya maji ya bahari inaendeshwa na injini hiyohiyo, nayo imeongeza maji kwa asilimia 27 tu. Kwa hiyo kasoro yoyote ya maji, iwe ndogo kiasi gani, itajionyesha juu na si chini. Dalili ya mwenye uzi haituambii kasoro iko wapi. Inatuambia tu kwamba nafasi ya akiba imekwisha.

#14 TegetaBoy
Mbona mnazunguka? Toa termostati tupa. Gari langu nilitoa mpaka leo halichemki.

#15 MzeeWaNozeli
TegetaBoy, kijana wangu, acha hiyo. Termostati ni vali inayofunguka kwa joto; ya injini hii inaanza kufunguka nyuzi 71 na inafunguka yote kwenye 85. Ukiitoa, injini inafanya kazi baridi, dizeli haiungui vizuri, kaboni inajaa kwenye ringi na nozeli, oili inachafuka. Na katika injini zenye njia ya mchepuo, termostati ndiyo inayofunga mchepuo ikishafunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye kipozeo, na unaweza ukapata joto ZAIDI. Ipime badala ya kuitupa. Itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, washa jiko, tazama inafunguka nyuzi ngapi na inafunguka kiasi gani. Kama inabaki nusu, nunua mpya.

Wale wenye 3GM30 isiyo na F wajue yao ni tofauti, inafunguka kwenye nyuzi 42 na kumaliza 52. Hiyo inapitisha maji ya bahari ndani ya bloku, ikipanda zaidi ya 60 hivi chumvi inaanza kuganda kwenye kuta. Msichanganye vipuri.

#16 KilwaKivinje_Dau
Hizi Yanmar za kijapani ni presha. Huku Kilwa watu wamefunga S195 ya Kichina, ile ya mashine ya kusaga. Silinda moja, nguvu farasi 12 kwenye mizunguko 2000, kipuri kinapatikana mpaka duka la mbolea. Maji yakichemka yanachemka, unaongeza ndoo, safari inaendelea. Wewe uko hapo na vipimajoto.

#17 BintiMkunguni
KilwaKivinje, lile tangi la juu limetengenezwa ili maji yachemke na kupoza kwa mvuke, hilo ni sahihi. Lakini unaongeza ndoo ya maji gani katikati ya bahari? Ya chumvi. Na mwaka wa pili silinda imekuwa pango la chumvi. Tumeziona Lamu, zinanguruma mpaka Shela watu wanaamka.

#18 KilwaKivinje_Dau
Hahaha dada umenishika. Hata hivyo tunabeba madumu ya maji baridi. Na abiria wetu wameshazoea kelele.

#19 Tandale_Marine
Mashine ya nje Yamaha 40, unamaliza ubishi wote huu. Ikizingua unaibeba begani.

#20 Spana17
Yamaha 40 ya mipigo miwili, ukienda na kurudi kila siku, petroli yake itakula faida yote ya wageni. Dizeli ya ndani inanywa kidogo sana ukilinganisha, ndiyo sababu mtu anavumilia kazi ya kuihudumia. Turudi kwenye mada.

#21 Mwanamaziwe
Asanteni sana. Majibu ya nilichofanya wikiendi hii:

Kipozeo: nimekifungua. MzeeWaNozeli, kipande cha mpira kilikuwepo, ubavuni, kimeziba vitundu vichache vya chini. Makombo ya zinki yalikuwa kiganja kizima, kijivu, yanavunjika ukiyaminya. Ndani ya vijibomba kuna ngozi ya kahawia, ChumviMkoani umesema kweli. Nimetia siki usiku mmoja, imetoka kama supu.

Wavu wa chini: nimezama nao maji yakiwa yamesimama. Deheni ilikuwepo kwenye pembe, si nyingi. Chaza nimekwangua wachache.

Termostati: kwenye sufuria imeanza 72, imefunguka vizuri.

Nimetoka nayo. 2800 inakaa sasa. Nikienda 3000 na zaidi, inapanda tena, taratibu kuliko mwanzo.

#22 MzeeWaNozeli
Nilisema.

#23 ChumviMkoani
Mzee ulisema mpira. Mpira uliziba vitundu vichache. Kilichopona ni siki. Na haijapona yote, arudie mara ya pili, usiku mmoja hautoshi kwa tope la miaka.

#24 SuriMpakaUnguja
Na wiki hii si mmepata mvua na mawingu huko? Bahari ikipoa nusu nyuzi tu nayo inahesabika. Msigawane ushindi mapema.

#25 LakeManyovu
Niko Kigoma, naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Huku ziwani zinki hazipungui kabisa, miaka inapita ziko vilevile. Ina maana maji yetu hayali chuma?

#26 Spana17
LakeManyovu, maji yanakula, zinki ndiyo hailindi. Kwenye maji baridi zinki inajifunika ngozi ngumu na kuacha kufanya kazi. Ziwani tumia magnesi. Mtoni kwenye maji ya kuchanganyika, kama alipo mwenye uzi, alumini inafanya vizuri kuliko zinki. Popote ulipo, usiipake rangi, hakikisha inagusa chuma kitupu, na ikibaki nusu ibadilishe.

#27 LakeManyovu
Ahsante kaka. Kwa hiyo nasi tunaolala maji baridi tuna bahati, ndiyo maana Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, bado ipo. Wajerumani waliizamisha 1916 ikiwa inaitwa Graf von Götzen, mashine zikiwa zimejazwa grisi, ikakaa chini karibu na mdomo wa Malagarasi, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza kazi 1927. Mashine zikawaka! Grisi tu.

#28 MwalimuWaFizikia
Historia yako ni sahihi ila ongeza mambo mawili. Wabelgiji waliiinua kabla ya Waingereza, ikazama tena kwenye dhoruba. Na zile zilikuwa mashine za mvuke, hazina nozeli wala pampu ya dizeli yenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Dizeli waliifungia miaka ya 1970. Ukizamisha 3GM30 miaka minane, grisi haitakusaidia.

#29 NyaliCreek
Kuhusu kuzama, nina kisa chenye faida kwa watu wa injini za ndani. Jirani yangu hapa Mombasa alikuwa anapiga stata mara nyingi injini ikigoma, koki ya maji ya bahari iko wazi. Kila stata inapozunguka, pampu inasukuma maji kwenye kisanduku cha ekzosi, lakini injini haijawaka, hakuna gesi ya kuyasukuma nje. Kisanduku kikajaa, maji yakarudi kupitia mifoldi mpaka ndani ya silinda. Stata ikagoma kama imeshikwa na mkono wa mtu. Yeye akadhani betri, akaongeza betri ya pili.

Tulichofanya: tuliacha kila kitu, tukafunga koki, tukatoa maji ya kisanduku, tukafungua nozeli zote tatu, tukazungusha injini kwa mkono na spana kwenye puli mpaka maji yakatoka juu. Halafu dizeli kidogo ndani ya kila silinda, stata, maji yote nje. Oili ilikuwa nyeupe kama uji, ikabadilishwa, injini ikawashwa dakika chache, ikabadilishwa tena, na tena, mpaka ikabaki rangi yake. Ilipona kwa sababu ilifanyika siku ileile. Ukilala usiku mmoja, ringi zimeshika kutu.

Injini ikigoma, funga koki KABLA ya kuendelea na stata. Ikiwaka, fungua mara moja.

#30 Mwanamaziwe
NyaliCreek huu ujumbe ningependa ubandikwe juu kabisa. Asante sana.

#31 Fundi_Mtwara
Nimesoma wote. Hakuna aliyetaja elbo ya ekzosi, na kwangu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pale ndipo maji ya bahari yanapokutana na moshi wa moto. Chumvi na masizi vinashikamana ndani, tundu linapungua mwaka hadi mwaka. Injini haipumui, na maji hayatoki kama zamani. Mwenye uzi kwenye #1 alisema maji yamepungua, mkaliruka.

Pima hivi. Tenganisha hosi ya maji pale inapoingia kwenye elbo, elekeza kwenye ndoo, washa injini mwendo mdogo, angalia ndoo inajaa kwa muda gani. Usizidishe nusu dakika, hosi ya ekzosi ya mpira inaungua bila maji. Kisha rudisha, kinga maji yanayotoka nyuma kwenye ekzosi kwa muda uleule. Kama ya nyuma ni machache sana kuliko ya kwanza, elbo imebana. Ukiifungua utaona tundu la kidole gumba limebaki la kalamu.

#32 MwalimuWaFizikia
Kipimo kizuri, ila kina mwanya. Pampu ya mpira inasukuma hata ikibanwa, kwa hiyo elbo iliyobana nusu inaweza isionyeshe tofauti kubwa kwenye ndoo. Kizuizi cha moshi ni kitu kingine na ndoo haikipimi. Aifungue aitazame kwa macho. Na arejeshe na gasketi mpya.

#33 PropelaKubwa
Mimi nauliza upande mwingine. Ukivuta mafuta mpaka mwisho, unapata mizunguko mingapi? Na moshi rangi gani?

#34 Mwanamaziwe
Mkuu, inafika 3050 haiendi zaidi. Moshi mweusi kiasi pale juu.

#35 PropelaKubwa
Injini hiyo inatakiwa kufika 3600 ikiwa imepakia. Imekwama 3050 na moshi mweusi. Hiyo imebebeshwa mzigo kupita kiasi, na injini iliyobebeshwa inachemka hata maji yakiwa sawa. Chombo kina magugu chini? Propela ni ya mwanzo?

#36 Mwanamaziwe
Chini ni safi, nimetoka kuzama. Propela si ya mwanzo. Ya zamani ilijikunja kwenye mwamba wakati wa kusi, nikapata nyingine Dar, inchi 16 badala ya 15, kwa sababu ya 15 haikuwepo. Lakini ilifanya kazi miezi mingi bila shida.

#37 PropelaKubwa
Nilijua! Ilifanya kazi miezi ya kusi, bahari baridi. SuriMpakaUnguja alishajibu sehemu hiyo. Inchi moja ya kipenyo si kitu kidogo. Ipeleke kwa wanaopunguza na kuisawazisha, au tafuta 15. Kila kingine mlichofanya ni kupunguza maumivu.

#38 Fundi_Mtwara
Elbo iliyoziba nayo inanyima injini mizunguko na inatoa moshi mweusi. Dalili hizohizo. Usimtume mtu kukata propela kabla hajafungua bolti nne.

#39 Spana17
Wote wawili mnaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Nyongeza yangu: mlipobadilisha propela, mliangalia kama shafti na gia vimelingana? Tenganisha kapulini (kiungo cha shafti na gia), pima mwanya kati ya nyuso mbili kwa fila geji, juu, chini, kushoto, kulia. Usizidi 0.1 mm tofauti. Na mfanye chombo kikiwa MAJINI, mashua ya mbao ikiwa juu ya mchanga inakaa vingine kabisa. Shafti iliyopinda inakula nguvu, inapasha joto glandi (pale shafti inapotokea nje, panapozibwa kwa pakini), inachosha pakini.

#40 TegetaBoy
Glandi ikivuja si ndiyo mbaya? Yangu nimeikaza mpaka haitoi hata tone.

#41 MzeeWaNozeli
TegetaBoy una gari au una boti leo? Pakini ya kamba inatakiwa itone, matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka. Hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza ikauke inachoma shafti na kuichimba mfereji. Baada ya safari weka mkono kwenye glandi: vuguvugu sawa, moto hapana. Ukibadilisha pakini toa ZOTE za zamani kwa ndoano, kata pete mpya kwa mshazari, na maungio ya kila pete yasipangane mstari mmoja.

#42 TegetaBoy
Shkamoo mzee. Nailegeza kesho.

#43 LakeManyovu
Na mshale wenyewe je? Mimi niliwahi kuhangaika na joto la uongo, waya wa ardhi wa kihisi ulikuwa na kutu ya kijani.

#44 SuriMpakaUnguja
Swali zuri limechelewa kuulizwa. Azima kile kipimajoto cha kumulika, mulika nyumba ya termostati wakati mshale uko juu. Mulika pia hosi inayoingia kwenye kipozeo na inayotoka. Ukiwa na namba tatu hizo ubishi wa humu utapungua nusu.

#45 ChumviMkoani
Asilenge chuma kinachong'aa, kitampa namba ya uongo. Abandike kipande cha utepe mweusi amulike hapo.

#46 Mwanamaziwe
Nimeazima kipimajoto kwa fundi friji wa hapa. Leo asubuhi, matlai ikiwa tulivu: mshale ukisema 95, nyumba ya termostati inasema 88 kwenye utepe mweusi. Kwa hiyo mshale unatia chumvi, ila joto lipo kweli. Mdomo wa ekzosi nimekinga ndoo, tofauti na ya kwanza ipo lakini si kubwa.

Elbo nimeifungua mchana. Upande wa maji umebana, naweza kupitisha kidole cha mwisho tu. Upande wa moshi una masizi magumu, nakadiria theluthi moja imeziba.

#47 Fundi_Mtwara
Karibu sana. Theluthi ya tundu la moshi unaiona ndogo?

#48 PropelaKubwa
Theluthi haimfanyi mtu apoteze mizunguko 550. Inchi moja ya propela inamfanya.

#49 ChumviMkoani
Na siki ya pili?

#50 Mwanamaziwe
Siki ya pili iko ndani sasa hivi. Elbo nimeiloweka kwenye ndoo, kesho naigonga taratibu na kuikwangua, nikiona imeliwa na kutu naagiza mpya. Mtu wa Tanga ameniambia ana propela ya inchi 15 iliyotumika, mkono wa kulia, tundu la shafti inchi moja. Mteremko wake (umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja) hajaupima.

#51 PropelaKubwa
Usilipe kabla hajakusomea namba zilizochongwa kwenye kitovu chake. Kama zimefutika, mwambie ailaze juu ya meza tambarare apime, nitakuelekeza jinsi.

#52 BintiMkunguni
Na ukiipandisha kufunga propela, safari hii ziba ule wavu kwa kitambaa kabla vijana hawajaja na deheni.